Albamu Gani Inastahili Makala Yake Wikipedia?

Kurasa nyingi mpya za albamu zina sura ileile: sentensi mbili za utangulizi, tarehe ya kutoka, orodha ya nyimbo 14, majina ya maprodyuza, na viungo vya kwenda YouTube na Boomplay. Hazikai siku nyingi kabla ya kubandikwa kiolezo cha kufutwa, yaani bango linalopendekeza ukurasa uondolewe. Aliyeandika anakasirika, na hasira yake inaeleweka. Mwimbaji anajulikana kuanzia Kigoma hadi Mombasa, nyimbo zake zinapigwa ndani ya daladala na matatu, iweje kamusi elezo iseme albamu yake haistahili?

Hakuna aliyesema albamu ni mbaya, wala kwamba mwimbaji si mtu mashuhuri. Kinachoulizwa ni kidogo kuliko hivyo: je, watu wasio na maslahi na albamu hiyo wameiandika kwa kina, mahali panapoaminika, kiasi kwamba makala inaweza kujengwa kwa yale waliyoyasema wao? Miongozo ya Wikipedia ya Kiingereza, ambayo imeandikwa kwa urefu kuliko mingine na ambayo watu wa matoleo ya lugha nyingine huitazama wanapobishana, inasema wazi kwamba albamu hupimwa yenyewe. Jina la msanii halirithiwi na kila kanda au diski aliyoitoa.

Jambo la pili husahauliwa katika ubishi. Albamu kukosa ukurasa wake hakufuti habari zake. Kinachoamuliwa hasa ni habari hizo zikae wapi: kwenye ukurasa wa peke yake, au ndani ya makala ya msanii, zikiwa na kichwa chake cha habari na orodha ya nyimbo ikibidi. Kwa albamu nyingi za Afrika Mashariki jibu sahihi ni hilo la pili, na ndilo jibu ambalo waandishi wapya hawapendi kulisikia.

Chanzo kinachohesabika na kisichohesabika

Chanzo kinapimwa kwa mambo matatu, na yote lazima yawepo kwa pamoja: kiwe huru, kiaminike, kiwe na kina. Kikipungukiwa na moja kinaweza bado kufaa kuthibitisha tarehe au jina la studio, lakini hakisaidii kuonyesha kwamba albamu inastahili makala.

Uhuru ndio unaowaangusha wengi. Tovuti ya lebo, akaunti ya Instagram ya msanii, maelezo yaliyo chini ya video, ukurasa wa albamu kwenye Spotify au Apple Music, yote hayo yametoka upande wa mwenye mali. Taarifa kwa vyombo vya habari pia, hata ikichapishwa kwenye blogu kumi za burudani. Na kuzichapisha ndilo jambo la kawaida: menejimenti hutuma maandishi yaleyale kwa kila mtu, na kila mtu huyaweka kama yalivyo, labda akibadilisha kichwa. Ukiorodhesha blogu hizo kumi unakuwa umeleta chanzo kimoja, tena kisicho huru. Kuligundua hili ni kazi ya dakika moja. Chukua sentensi moja yenye maneno yasiyo ya kawaida, ifunge ndani ya alama za nukuu, itafute. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye tovuti nne au tano, umeshajua ilikotoka.

Mahojiano yanahitaji kugawanywa. Msanii anaposema albamu ilirekodiwa kwa miezi minane na kwamba wimbo wa tatu alimwandikia mama yake, hayo ni maneno yake mwenyewe, nayo hupokelewa hivyo. Lakini mwandishi wa habari akitangulia na aya tatu za tathmini yake, akieleza sauti imebadilikaje tangu albamu iliyopita na kwa nini, aya hizo tatu zinahesabika. Mahojiano ya swali na jibu tupu hayana aya hizo, na ndiyo mengi.

Kuaminika maana yake kuna mhariri, kuna jina la chombo, na kosa likitokea husahihishwa. Mwananchi, The Citizen, Daily Nation, Taifa Leo, The EastAfrican, BBC Swahili na DW Kiswahili vinaingia humu, ingawa hata kwenye gazeti zuri kurasa za matangazo ya kulipiwa hazihesabiki. Discogs, Rate Your Music na Genius haziingii, kwa sababu mtu yeyote hujiandikisha na kujaza. Discogs ni msaada mkubwa wa kutafutia namba ya katalogi ya santuri au mwaka wa toleo, mradi baadaye uhakikishe kwenye jalada lenyewe au kitabuni. Kaa chonjo na miaka. Vyanzo viwili vikitofautiana kwa mwaka mmoja, mara nyingi kimoja kinataja toleo la Ulaya na kingine toleo la Marekani, na hapo hakuna aliyekosea.

Kuhusu kina, kipimo kizuri kuliko vyote ni hiki: andika makala bila orodha ya nyimbo, bila majina ya wahusika na bila tarehe ya kutoka, kisha uone kimebaki nini. Ukipata aya moja ya jinsi albamu ilivyotengenezwa, aya moja ya muziki na mashairi yake, na aya moja ya jinsi ilivyopokelewa, zote zikiwa na tanbihi za vyanzo huru, una makala. Ukibaki na sentensi moja, “ni albamu ya tatu ya msanii fulani”, una mstari wa kuongeza kwenye makala ya msanii. Hakuna idadi ya vyanzo iliyowekwa kisheria. Katika mijadala, viwili huwa ukingoni na vitatu vizuri huwa salama. Uhakiki mmoja wa maneno 600 una uzito kuliko habari 15 za mistari minne zinazotangaza kwamba albamu imetoka.

Milango ya mkato, na kwa nini kwetu mingi imefungwa

Miongozo ya Kiingereza inataja pia ishara ambazo, albamu ikiwa nayo mojawapo, inadhaniwa kuwa inastahili: kuingia kwenye chati ya taifa ya nchi yoyote, kupewa cheti cha dhahabu au zaidi, kushinda au kuteuliwa kwa tuzo kubwa ya muziki, kupigwa kwa mzunguko wa kitaifa na kituo kikubwa cha redio au televisheni, au kufanyiwa kipindi cha nusu saa au zaidi kwenye mtandao wa kitaifa wa utangazaji. Inadhaniwa tu. Ishara hizi zinaashiria kwamba vyanzo pengine vipo. Mtu akitafuta na asivipate, ishara haiiokoi makala.

Cheti cha dhahabu kina tarakimu. Marekani ni nakala 500,000, na kwa hesabu iliyoanza kutumika 2016, kusikilizwa mara 1,500 mtandaoni huhesabiwa kama nakala moja. Uingereza cheti cha fedha ni 60,000, cha dhahabu 100,000, cha platinamu 300,000. Vyeti hivyo hutolewa na chama cha tasnia baada ya hesabu kukaguliwa. Tanzania na Kenya hazina utaratibu uliozoeleka wa aina hiyo. Kwa hiyo bamba la kung'aa ambalo msanii anakabidhiwa jukwaani na kampuni ya kusambaza muziki, likiwa na maandishi ya mamilioni ya wasikilizaji, ni zawadi ya kibiashara. Linapendeza kwenye picha na halihesabiki.

Chati nazo zina mtego wake. Picha ya simu inayoonyesha albamu ikiwa namba moja iTunes Tanzania haikubaliwi kwa sababu mbili. Kwanza, hiyo ni orodha ya duka moja, wakati chati ya taifa hukusanya mauzo na usikilizaji kutoka kwa wauzaji wengi. Pili, katika nchi ambayo wachache sana hununua nyimbo iTunes, manunuzi machache ya mashabiki waliopanga saa moja yanaweza kuipandisha albamu mpaka juu, na kesho yake haipo. “Inatrendi namba moja YouTube” ni hivyohivyo. Afrika Kusini ina chati rasmi ya tasnia, na Nigeria ina TurnTable Charts iliyoanza 2020. Albamu ya Dar es Salaam au Nairobi ikiingia huko inastahili kutajwa pamoja na tarehe ya wiki husika.

Kwenye tuzo, kosa la kawaida ni kuchanganya wimbo na albamu. Tuzo za Muziki Tanzania zilianza 1999, na mshindi wa wimbo bora ameshinda kwa wimbo. Ushindi huo ni hoja ya kuandika makala ya wimbo, au kuongeza aya kwa msanii, na hauihusu albamu ambamo wimbo huo ulitokea. Uteuzi katika kipengele cha albamu ndio unaoihusu. Kuna pia tuzo ambazo mtu hulipia ili ateuliwe, au ambazo mshindi hupatikana kwa wingi wa meseji za kulipia. Hizo zinajulikana haraka, kwa sababu hakuna gazeti lililojishughulisha kuziandika.

Kwa milango hiyo kufungwa, kazi yote inarudi kwenye kutafuta maandishi. Hapo ndipo mifano inaposaidia.

Albamu tatu na majibu tofauti

Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila ni jibu rahisi. Ilitolewa 1989 na Real World, lebo iliyoanzishwa mwaka huohuo na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel pamoja na watu wa tamasha la muziki la WOMAD. Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Congo aliyehamia Dar es Salaam na kupigia Orchestra Makassy kabla ya Matimila, alikuwa na jina nyumbani miaka mingi kabla. Lakini albamu hii ilisambazwa Ulaya na Marekani wakati ambapo magazeti ya huko yalikuwa na wahakiki wa muziki wa Afrika, kwa hiyo maandishi yapo. Hata hapa kuna pa kujizuia. Habari za wimbo wake wa soksi, yaani kondomu, ule wa kujikinga na UKIMWI ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga, zimeandikwa kuliko habari za albamu yoyote yake. Mwandishi mvivu huziingiza kwenye makala ya albamu ili aya zijae. Mahali pake ni kwenye makala ya Ongala mwenyewe.

Sasa chukua Ukumbusho, mfululizo wa santuri za nyimbo za Mbaraka Mwinshehe uliotolewa Kenya baada ya kifo chake katika ajali ya gari mwaka 1979. Hakuna anayeweza kubisha umuhimu wa Mbaraka. Tatizo ni kwamba kila juzuu ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka kwenye santuri ndogo, na ni vigumu kupata uhakiki wa juzuu ya tatu peke yake au ya saba peke yake. Kuandika kurasa kumi, kila moja ikiwa na orodha ya nyimbo na sentensi moja iliyorudiwa, ni kumchosha msomaji. Hapa makala moja ya mfululizo mzima, au sehemu ndani ya makala ya Mbaraka yenye jedwali la juzuu, miaka na nyimbo, inamfaa kuliko kurasa zote hizo. Kila jina la juzuu linaweza kuwa kielekezi, yaani ukurasa mtupu unaompeleka msomaji pale moja kwa moja.

Suala hili ni pana kuliko Mbaraka. Bendi za dansi za Tanzania kwa miongo mingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, au zilitoa santuri ndogo zenye wimbo upande huu na upande ule. Albamu, kwa maana ya nyimbo nane au kumi zilizopangwa na mwanamuziki kuwa kazi moja, haikuwa ndiyo njia yao. Tunachokiita albamu leo mara nyingi ni mkusanyiko uliofanywa baadaye na kampuni ya nje au msambazaji wa kanda. Basi kabla ya kutafuta vyanzo jiulize unaandika kuhusu nini hasa: bendi, wimbo, au ule mkusanyiko? Ukiona vyanzo vyako vyote vinazungumzia wimbo mmoja, umepata jibu.

Mfano wa tatu ni Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotolewa 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, uliowafanya wapenzi wa muziki wa dansi wa Ulaya waanze kuulizia studio za uswahilini Dar. Maandishi yapo, lakini yanahitaji kuchambuliwa. Makala ndefu ya jarida inayoeleza singeli ni nini, kasi yake, vigodoro, na watoto wa mtaani wanaochana, kisha ikataja albamu mara moja, ni chanzo cha makala ya singeli. Uhakiki unaopita wimbo kwa wimbo ni chanzo cha albamu. Zitenganishe kabla ya kuhesabu.

Na albamu ambayo haijatoka? Subiri. Jina hubadilika, tarehe husogezwa, nyimbo 18 hugeuka 12, na wakati mwingine albamu yenyewe haitoki kabisa. Kama hakuna jina, tarehe na orodha ya nyimbo vilivyothibitishwa, ukurasa wake hautadumu.

Kutafuta kabla ya kuandika

Tafuta kwa kila tahajia ya jina. Mbaraka Mwinshehe huandikwa pia na Mwaruka mwishoni, Remmy huandikwa Remi na Rémy, na majina ya vikundi hukatwakatwa. Unganisha jina la albamu lililofungwa kwa alama za nukuu na jina la msanii, kisha na jina la lebo, kisha na neno “uhakiki” au “review”. Jina la albamu likiwa neno la kawaida kama Machozi au Binti, hatua hii ndiyo inayokutoa kwenye matokeo elfu moja yasiyohusika. Tafuta ndani ya tovuti ya gazeti moja moja, maana injini ya kutafuta huzika habari za miaka ya 2000 chini kabisa.

Usidhani chanzo lazima kiwe mtandaoni. Gazeti la karatasi lenye jina, tarehe na namba ya ukurasa ni chanzo kamili, na maktaba za vyuo vikuu huwa na majalada ya magazeti ya zamani. Kwa albamu za kanda za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, karibu kila kitu kiko huko. Vitabu vya wataalamu pia: kitabu cha Alex Perullo kuhusu uchumi wa muziki Tanzania, cha mwaka 2011, kina mengi ya studio, wasambazaji na redio. Lugha ya chanzo si tatizo. Cha Kiswahili kina hadhi sawa na cha Kiingereza au Kijerumani, hata unapoandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Mhariri asiyekisoma anaweza kukuomba umtafsirie aya husika, na ni haki yake.

Ukikipata cha mtandaoni, kihifadhi siku hiyohiyo kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao. Viungo vya tovuti zetu hufa haraka. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za 2018 zilipodai leseni za kulipia, baadhi ya blogu zilizima taa, na pamoja nazo zikaondoka habari ambazo hazikuwa zimechapwa kwingine.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina wahariri wachache kuliko ile ya Kiingereza, na huzivumilia zaidi kidogo mbegu, yaani makala fupi za mistari michache. Isikupumbaze. Wakabidhi, yaani wahariri wenye mamlaka ya kufuta, huondoa kurasa za kujitangaza bila kusita, na kila toleo la lugha hujiamulia: makala kuwepo kwa Kiingereza si hoja ya kuiweka kwa Kiswahili, wala kufutwa huko hakuifuti hapa. Kitu kisichosaidia kabisa ni kutafsiri kwa mkupuo mistari miwili miwili ya albamu za Kimarekani ambazo msomaji wa Kiswahili angezisoma vizuri zaidi kwenye makala moja ya msanii.

Ukurasa ukipingwa

Kwenye toleo la Kiingereza kuna njia tatu za kufuta. Albamu isiyoonyesha umuhimu wowote, na ambayo msanii wake hana makala, inaweza kufutwa papo hapo. Pendekezo la kufuta lisilopingwa hutekelezwa baada ya siku saba. Ukiliondoa bango na kutoa sababu, linaisha. Njia ya tatu ni mjadala, ambao kwa kawaida hukaa siku saba na huweza kuongezwa. Huo si uchaguzi. Mashabiki 30 waliofungua akaunti jana kuandika “ibaki” hawazidi nguvu hoja moja yenye vyanzo, na ujio wao huwafanya wakabidhi wawe na shaka zaidi. Leta vyanzo viwili au vitatu vilivyo bora, eleza kila kimoja kinasema nini na mwandishi wake ni nani. Ukimwaga viungo 20, mtu atafungua vitatu vya kwanza, na kama ni blogu zilizonakili, hatafungua cha nne.

Kama wewe ni meneja, mtu wa lebo, au umelipwa kuandika, masharti ya matumizi ya Wikimedia tangu 2014 yanakutaka utangaze malipo hayo. Andika rasimu, iwasilishe ikaguliwe na wengine. Ukificha, mtindo wa uandishi hukutoa: hakuna msomaji wa kawaida anayejua kwamba albamu “imesheheni ladha za kipekee zinazogusa kila rika”.

Na uamuzi ukiwa ni kuelekeza ukurasa kwa msanii, usiupinge kwa mazoea. Tofauti na kufuta, uelekezaji huacha historia nzima ya ukurasa ikiwa wazi. Hamishia orodha ya nyimbo, mwaka na lebo kwenye makala ya msanii, pamoja na tanbihi zake. Jalada liache, kwani ni mali yenye hakimiliki: Commons, hifadhi ya picha na faili huria za Wikimedia, hailipokei, na toleo la Kiingereza huliruhusu kwa ukubwa mdogo tu, kwa kawaida ndani ya makala ya albamu yenyewe. Ikitokea mwaka kesho gazeti limechapisha uhakiki, au kitabu kimetoka chenye sura juu ya albamu hiyo, fungua historia, rudisha matini ya zamani, ongeza aya mpya, na kwenye muhtasari wa hariri taja vyanzo hivyo kwa majina ili anayefuatilia ukurasa asiurudishe ulivyokuwa kabla hajavisoma.